Ukuta unatoka maji, mwenye nyumba anasema ni sisi hatufungui madirisha

Wenye nyumba wa Mombasa, mna nini lakini? Tangu masika yaanze kila mpangaji ninayezungumza naye ana kisa kilekile: ukuta umefura, rangi inabanduka, nguo zimeingia kawa, mtoto anakohoa usiku kucha. Na jawabu la mwenye nyumba ni moja, utadhani wote walisomea chuo kimoja: "Nyinyi hamfungui madirisha."

Sisi tunakaa nyumba ya chini upande wa Kisauni, chumba kimoja na sebule, kodi 14,000. Tuliingia wakati wa kaskazi, jua kali, kila kitu kikavu, rangi mpya bado inanukia. Keateka, mwangalizi wa jengo, akatuambia nyumba imetengenezwa yote. Kumbe kilichotengenezwa ni rangi tu, na chini yake lilikuwa limefichwa jambo ambalo yeye, ajenti na mwenye nyumba wote walikuwa wanalijua.

Mvua zilipoingia doa lilianzia nyuma ya kabati, chini kabisa karibu na sakafu. Likapanda. Mwezi wa tano, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi zaidi hapa kwetu, lilikuwa limefika usawa wa kiuno, likasimama pale, mstari mmoja umenyooka ukuta mzima. Mstari huo ndio ushahidi wangu, nitaueleza.

Nikisogeza kabati naona hivi. Rangi imetoka malengelenge. Ukiyatumbua yanamwaga unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi: chumvi tupu. Juu yake kuna vidoa vyeusi vilivyoungana vikawa ramani, na mgongo wa kabati umeota manyoya ya kijani. Kanzu ya mume wangu ya Idi imeshika kawa mabegani, na aliyekulia Pwani anajua kawa ikishaingia kwenye nguo nyeupe haitoki, uloweke na ndimu na chumvi uanike juani mpaka uchoke. Makubadhi ya ngozi yamekuwa ya kijani. Msahafu nimeuhamishia juu ya friji. Na uvundo ndio unaotupokea mlangoni. Nafukiza udi kama nyumba ya harusi, makaa yakizima tu uvundo uko palepale.

Mwanangu wa pili ana pumu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na humo unyevu unahusishwa waziwazi na pumu, kukohoa, kukorota kwa kifua na maambukizi ya njia ya hewa. Kwa hivyo asije mtu hapa kuniambia "hayo ni madoa tu, mama". Hayo ndiyo maneno ya ajenti, neno kwa neno. Nilimtumia picha kwenye WhatsApp, tiki zikawa buluu, kimya. Nikapiga simu. "Mama, fungueni madirisha, mnapika sana, na nguo msianike ndani. Hayo ni madoa tu."

Madirisha yepi? Dirisha la chumbani linafungukia ukuta wa jengo la jirani. Nikinyoosha mkono naugusa. Chini yake ndipo lilipo shimo la choo la jengo zima. Hilo ndilo niliache wazi usiku? Na nguo nianike wapi, wakati kamba za juu ya slabu zimefungiwa kwa kufuli na funguo anazo keateka?

Mwenye nyumba mwenyewe nilimfuata. Ni mtu mzima, nikaamkia, shikamoo Mzee, marahaba mwanangu, tukakalishwa, nikaletewa maji ya kunywa. Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri kabisa, akasema, "Mwanangu, hii ni Mombasa, kisiwa, bahari imetuzunguka, nyumba gani haina unyevu?" Akaahidi fundi. Nikatoka pale nimeridhika, wallahi, kwa adabu aliyonionyesha.

Fundi alikuja, na ndoo ya rangi, filla na msasa. Nikamuuliza, kaka, haya maji yanatoka wapi? Akanijibu: "Dada, mimi nimetumwa rangi." Akakwangua, akaziba, akapaka. Ukuta ukapendeza. Haukupita muda malengelenge yakarudi, mara hii makubwa zaidi, maana ile rangi ya kung'aa ni kama nailoni, inafungia maji ndani.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganywa. Hadithi ya "fungua dirisha" ina ukweli wake, lakini kwenye nchi za baridi. Huko ukuta unapoa sana, mvuke wa jikoni na bafuni unaugusa unageuka matone, ukungu unaota. Mombasa ukuta wako utapoa saa ngapi, na usiku wenyewe tunalala kwa feni? Labda chumba cha mwenye AC. Ukungu wa hali ya hewa tu hapa kwetu upo, sikatai, hasa wakati wa kusi, lakini huo utauona kwenye viatu, mikoba, ndani ya kabati lililofungwa, kona za juu za bafu. Haupandi kutoka sakafuni ukasimama kiunoni kwa mstari.

Ule mstari maana yake ukuta unanyonya maji ardhini. Mawe ya matumbawe tunayojengea Pwani yana vitundu, yanafyonza. Ndiyo maana juu ya msingi, kabla ya kupandisha ukuta, hutandikwa ile karatasi nyeusi ambayo mafundi wanaiita DPC, izuie maji yasipande. Mwenye kujenga kwa ubahili huiruka, kwani nani ataiona? Kisha anakoroga saruji kwa maji ya kisima ya chumvi, maana ya mfereji ni taabu kupata, na ukibahatika mchanga nao ni wa ufukweni. Chumvi ikishaingia ukutani inavuta unyevu hata wa hewani, na ikikauka inapasua plasta. Ule unga nilioulamba ndio huo. Mimi na sufuria yangu ya wali wa nazi tunahusikaje hapo?

Wanaokaa ghorofa ya juu kabisa nao wana lao: slabu, yaani paa la zege, imepasuka, maji ya mvua yanatuama, tangi linafurika usiku kucha, doa linaanzia darini kushuka. Hilo nalo si la mpikaji.

Na wanaotuambia eti "kisiwa", waende Mji wa Kale. Nyumba ya bibi yangu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, iko karibu na bahari kuliko hizi flati. Kila mwaka kabla ya Ramadhani kuta zilipakwa chokaa upya. Chokaa ukuta unapumua, na ukungu hauipendi. Waliokuja baadaye wakabandua, wakapiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta, sasa nayo inafura kama zetu. Bahari haijasogea.

Haya, twende kwenye lililonifanya niandike. Majirani waliniambia kwamba mpangaji aliyekuwa kabla yetu alihama kwa sababu ya ukuta huohuo. Dipoziti yake ilikatwa yote: "kupaka rangi na kuondoa ukungu". Wa kabla yake pia. Yaani ukuta mmoja mbovu unaleta wapangaji, unawafukuza, na kila anayetoka anaacha dipoziti ya mwezi mzima, wakati rangi ya chumba kimoja haifiki hata nusu ya pesa hizo. Ukuta ule unamlipa! Autengeneze wa nini?

Na kwenye mikataba yetu kipengele kipo tayari: mpangaji akihama ataipaka nyumba rangi kama alivyoikuta. Sawa, mtoto akichora ukutani, nilipe. Msumari niliogonga mimi, nilipe. Lakini maji ya ardhini nilipe mimi?

Nimekaa nikasoma sheria, na nawaletea nilichokipata kwa sababu wengi tunatishwa bure. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inamwekea mwenye nyumba ahadi hata kama kwenye mkataba hazikuandikwa: nyumba iwe inafaa kukaa binadamu siku unapoingia, na ibaki inafaa muda wote wa upangaji. Na akiwa amekukodisha sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta za nje na mitaro mikuu kuitengeneza ni juu yake. Someni tena hapo penye kuta. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 43, inataja haki ya makao yanayofaa.

Kuna pia Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Nyumba ikiwa katika hali ya kudhuru afya, afisa wa afya ana uwezo wa kuja kukagua na kutoa notisi hitilafu iondolewe, na kasoro ikiwa ni ya jengo lenyewe notisi inamwendea mwenye jengo, si wewe. Afya iko chini ya kaunti, kwa hivyo huhitaji kwenda mbali. Ripoti ya afisa wa afya ina uzito kuliko picha zangu mia za simu.

Baraza la kudhibiti kodi za nyumba lipo, ila sheria yake, Sura ya 296, inashughulikia nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa kodi za leo hapa mjini, hiyo ni nyumba gani? Wengi wetu tuko nje ya mlango huo. Lakini kwa dipoziti kuna Mahakama ya Madai Madogo: madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unajisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Ukumbuke tu kwamba pale ni mambo ya pesa. Usitarajie hakimu akuletee fundi.

Mtu asigome kulipa kodi kwa hasira. Najua inauma. Ukigoma, kesi inageuka, yeye anakuwa mdai na wewe mdaiwa, na mlangoni anakuja dalali badala ya fundi. Lipa kwa M-Pesa, ujumbe uweke, malalamiko yaandike kwa maandishi yenye tarehe. Ya mdomo na shikamoo hayana ushahidi, mimi hapa ni mfano.

Na kabla ya kugombana jueni maji yenu ni ya aina gani. Chukua kipande cha nailoni safi, kikaushe ukuta kwa kitambaa, kibandike kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni hewa ya ndani, hapo ajenti ana hoja, pika na dirisha wazi. Ukikuta matone nyuma, upande wa ukutani, ni ukuta. Changu kilikuwa kimelowa nyuma hadi selotepu imeachia. Nilipiga video nikamtumia ajenti. Tiki buluu.

Kabla hamjanivamia: najua kuna wenye nyumba ambao nao wamefungwa mikono. Majengo na Kisauni kwenyewe wapo wenye nyumba bila ardhi, wanalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye shamba, na kuvunja msingi si jambo la kuamua peke yake. Hao nawaelewa. Wangu ana hatimiliki na anajenga flati nyingine huko Bamburi. Nimepita kuiangalia msingi. Karatasi nyeusi sikuiona.

Na nyinyi mnaoandika "si uhame tu", nihame niende wapi? Dipoziti hajanirudishia, huko ninakokwenda wanataka kodi na dipoziti siku moja, juu yake ya stima na ya maji, halafu mkokoteni. Nyumba yenyewe nitaikagua wakati wa jua, imepakwa rangi mpya.

Nauliza basi, kwa aliyepita njia hii na si kwa mwenye kubahatisha. Afisa wa afya wa kaunti, ukimwandikia, anakuja kweli ukiwa mpangaji, au anataka mwenye nyumba awepo? Kwenye Mahakama ya Madai Madogo, kuna yeyote aliyeshinda dipoziti iliyokatwa kwa sababu ya ukungu, na alipeleka ushahidi gani? Na wale waliowahi kukaa jengo hilihili wakakatwa pesa zao, wanitafute inbox. Tukiwa watatu wanne wenye hadithi moja ya ukuta mmoja, atatuambia sote tulikuwa tunapika sana?