Muski wa vuli Minnesota, chambo gani na rangi gani?

mtanga_baridini:
Wakuu habari zenu. Mimi nimekulia Tanga, tulikuwa tunarambaza nguru na mjomba, sa hivi niko Minnesota, Marekani, mwaka wa nne na huyu samaki mkubwa wa maziwa ya huku anaitwa muski ameninyima usingizi. Kiangazi nilipata wawili kwa spina kubwa, vyambo vya bati linalozunguka majini, za majani mawili, zile Double Cowgirl, lakini tangu Septemba iishe sipati kitu. Jumamosi nilikuwa ziwa Mille Lacs, maji digrii 49 za Fahrenheit, nimerusha toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, kaja mmoja tu, akasimama nyuma ya chambo kama futi mbili hivi, nikaona kabisa mapezi ya mbavuni yanapepea taratibu, halafu akazama zake. Dukani kila mtu ana rangi yake ya kunishauri, nimeshanunua vyambo saba na hela imeisha. Nibaki na rangi gani jamani?

baba_imani:
Pole kaka. Rangi usianze nayo, anza na kina na mwendo. Vuli ya huku ziwa linajigeuza, maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito yanashuka, yanachanganyika na ya chini, oksijeni inafika kila mahali na samaki wanatawanyika, ndo maana pale ulipowapata Julai hawapo. Ila Oktoba kuisha kuingia Novemba sisko, samaki wa rangi ya fedha anaoliwa na muski, wanapanda kwenye miamba kuzaa, na muski anawafuata hukohuko. Tafuta mwamba unaopakana na kina kirefu.

Spina weka kabatini. Chukua chambo kikubwa cha mpira, mimi natumia Bull Dawg ya inchi 12, rusha, acha uzame, hesabu mpaka kumi, vuta mara moja halafu uache ushuke tena. Anakula wakati unashuka, kwa hiyo mshipi usilegee kabisa, ukiona umesita au umekwenda pembeni hata kidogo, piga kwa nguvu. Mikono itauma, hamna njia nyingine.

mama_hayward:
Nakubaliana na baba Imani kwenye mwendo lakini rangi nayo ina kazi yake jamani, tusimwambie mwenzetu haina maana. Mimi navua ziwa la Chippewa Flowage huku Wisconsin, maji yake kama chai ya rangi, yale yanameza bluu mapema, mwanga wa njano na wekundu ndo unabaki, kwa hiyo natumia chungwa, dhahabu, au nyeusi yenye mkia wa chungwa. Nilikaa msimu mzima na chambo cha fedha, kizuri kweli mkononi, kwenye maji yale kilikuwa kama hakipo.

Mille Lacs maji ni maangavu, we fanya kinyume: mgongo mweusi ubavu wa fedha au mweupe, yani kama sisko mwenyewe. Jua likizama weka nyeusi tupu, samaki akiangalia juu anaona kivuli kimekatika vizuri. Jaribu hivi kabla hujanunua kingine, ning'iniza chambo kando ya boti ukishushe pole pole uangalie kinapotea futi ya ngapi.

kapteni_juma:
Kaka wewe ni mtu wa kurambaza, umesahau ya nyumbani? Upepo ukiwa mkali usisumbuke kurusha, buruta chambo kirefu chenye mdomo wa kuzamia pembeni ya mwamba, mwendo wa maili tatu kwa saa au pungufu.

Lingine na hili naomba sana, usitoke bila waya mbele ya chambo, koleo ndefu na mkasi wa kukatia ndoana. Samaki abaki ndani ya wavu majini mpaka uko tayari kumpiga picha, kukiwa na barafu hewani mapezi na macho yanaganda haraka. Sheria ya Minnesota ni inchi 54 ndo umchukue, karibu wote utawarudisha, basi warudi wazima.

mtanga_baridini:
Nimerudi wakuu. Mpira mweusi wenye ubavu mweupe, mwamba wa futi 14 unaoshuka mpaka 25. Saa tisa mshipi ukasita tu, kama umegusa jani, nikapiga. Inchi 46! Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kapteni Juma, ndoana moja ilibidi niikate, nikamshika mkiani majini kama dakika mbili mpaka akanirushia maji usoni akaondoka. Asanteni sana. Zile spina nne nauza, mwenye kuhitaji wa kiangazi kijacho aniambie.