Kamati ya Harusi ya Dorice

*Ijumaa*

Upendo 07:12
Habari za asubuhi wanakamati. Ukumbi wameleta bei: milioni 3 na nusu, watu 300. Na wameandika wenyewe "exclusive", yaani siku hiyo ukumbi ni wetu tu, hakuna sherehe nyingine pembeni kama ile ya mwaka jana. Tulipe nusu leo kabla ya saa kumi.

Upendo 07:58
Naona tiki za bluu tu

Upendo 08:55
Jamani??

Baraka 09:20
👍

Upendo 09:21
Hilo dole ni la kulipa au la kusalimia?

Baraka 09:30
La kusalimia 😂

Bamdogo Festo 10:03
Upendo tuma picha ya hiyo karatasi.

Upendo 10:05
📷 Picha

Bamdogo Festo 10:14
Mama, hapa imeandikwa "VAT exclusive". Hawasemi mtakuwa peke yenu. Wanasema VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, haimo kwenye hiyo bei. Asilimia 18 ya 3,500,000 ni 630,000. Utalipa 4,130,000.

Upendo 10:15
Sasa si wametudanganya!

Bamdogo Festo 10:19
Wameandika, hatukusoma. Ingekuwa "inclusive" ndiyo tungelipa 3,500,000 na basi. Angalia na mstari wa chini kabisa, "excl. generator fuel". Umeme ukikatika mafuta ni yetu.

Baraka 10:21
Na Dorice anaolewa exclusive ya mama mkwe? 😂😂

Juma wa Tabata 10:22
🤣🤣🤣 mawifi excl.

Upendo 10:24
Laki 6 na thelathini tunazitoa wapi nyie mnacheka

Bamdogo Festo 10:31
Kabla ya kutoa hata shilingi, mwombe mwenye ukumbi cheti cha VAT chenye VRN, namba ya usajili wa VAT. TIN, namba ya mlipakodi, peke yake haitoshi. Asiyesajiliwa haruhusiwi kututoza VAT. Kama amesajiliwa, risiti ya mashine ya EFD ioneshe hiyo 630,000 kwenye mstari wake.

Juma wa Tabata 10:33
Mc naye anakuja na maiki au maiki ni excl.? 🤣

Shangazi Ester 12:48
Hilo neno mimi nalijua. Lilikuwa kwenye kadi ya Neema. "Exclusive of children". Nimetoka Dodoma na wanangu, mlinzi akawazuia getini, wakalala kwenye gari mpaka saa sita usiku. Laki mbili yangu ya mchango mbona haikuwa exclusive?

Upendo 12:50
Shangazi hayo si tuliyamaliza kwa bibi

Shangazi Ester 12:51
Uliyamaliza wewe.

Neema 12:59
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Baraka 13:00
Tumeshausoma 👀

Upendo 14:02
Jamani saa kumi hiyo inafika. Nilipe nisilipe?

Babu Elia 14:37
Wajukuu zangu na wanangu. Kadi ya Dorice isiandikwe kuzuia watoto. Watoto wa Ester watakaa meza yangu. Wakikosa kiti, nami sina kiti. Upendo usilipe leo. Festo aende akaonane na mwenye ukumbi.

Shangazi Ester 14:39
Asante baba 🙏🏾

Neema 14:41
Shikamoo babu. Sawa.

Upendo 14:44
Sawa babu. Ila Desemba hii kumbi zinagombaniwa, wakimpa mtu mwingine tarehe yetu msinitafute mimi.

Bamdogo Festo 16:20
Niko kwenye kikao. Nitakwenda Jumatatu foleni ikiruhusu. Halafu watoto wakiingia 300 haitoshi. Mpishi anataka 25,000 kwa sahani, hiyo yeye kaandika inclusive nimehakikisha. Watoto 30 ni 750,000 nyingine. Nani ana orodha yao?

Upendo 16:22
@Neema @Juma wa Tabata @Baraka orodha

Upendo 18:10
??

Mama Kevin 21:30
Samahani wapendwa sikuwa na bando. Kwa hiyo nitume ile ya ukumbi kwa nani?