Nimsaidieje mtoto anayesomea nyumbani, ikiwa Kifaransa changu ni kidogo?

Mama wa Katuba (Lubumbashi)
Ndugu wazazi na walimu, nawasalimu. Madarasa ya shule yetu yanajengwa upya, na hadi kazi iishe mwalimu wa darasa la tano hututumia masomo kwa WhatsApp, sauti pamoja na picha za ubao. Simu ya nyumbani ni moja, nami hushinda nayo sokoni. Nikirudi jioni, mara nyingi umeme umekatika na mtoto amechoka. Tena masomo yote ni ya Kifaransa, ambacho sikukisoma sana. Nimsaidieje bila kumpotosha?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)
Pole, mama. Kufundisha ni kazi ya mwalimu, usijilazimishe. Mwombe mtoto akueleze kwa Kiswahili alichosikia, kisha umwulize amepataje jibu lake. Aliyeelewa sehemu, kama nusu na robo, ataweza kukuonyesha kwa kugawa mkate, na pale atakapokwama ndipo penye swali la kumwandikia mwalimu. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 yenyewe imeruhusu lugha zetu za taifa zitumike kufundishia katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi, basi mzazi asione haya kumsomesha mtoto kwa Kiswahili. Ila majibu ayaandike kwa Kifaransa, kwa kuwa mtihani wa kumaliza darasa la sita utamtaka hivyo.

Baba wa Himbi (Goma)
Nakubaliana na mwalimu, lakini kwangu shida kubwa ni simu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, Radio Okapi ilirusha masomo ya Okapi École, na mwenye redio ya betri alifuata bila kununua mega za intaneti. Ila kipindi kikipita, kimepita. Sauti ya WhatsApp hurudiwa. Basi alfajiri, kabla hujaenda sokoni, mtoto asikilize na kunakili somo lote kwenye daftari, halafu afanye mazoezi mchana, kukiwa na mwanga, wakati simu unayo wewe.

Mama wa Katuba
Asanteni sana. Alfajiri inawezekana. Lakini akikosea, nami sijui, itakuwaje?

Mwalimu wa Kadutu
Usisahihishe, mama. Lipige daftari picha, umtumie mwalimu wake, na wazazi wote mwombeni atume majibu sahihi siku inayofuata, ili mtoto ajisahihishe mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine.