Mjadala: Je, inafaa kufungua TV ya chogo ili kukwepa uchakataji wake wa kidijiti?

Mtoa hoja: Nazungumzia TV za chogo zilizouzwa Ulaya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sifa ya hezi 100, yaani picha kuchorwa mara 100 kwa sekunde. Hizi huigeuza picha kuwa ya kidijiti, huihifadhi kwenye kumbukumbu, kisha huichora kwenye kioo kwa kasi mara mbili ya hezi 50 za PAL, mfumo wa TV uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya, ili isimetemete. Kwa taarifa ya habari jambo hilo halina ubaya. Kwa mashine za gemu kama Super Nintendo ni balaa, kwani picha huchelewa kuufuata mkono wa mchezaji, na bunduki ya mwanga ya Nintendo, ambayo hutegemea mwanga uonekane kwa wakati wake barabara, haifanyi kazi kabisa. Kwa maoni yangu, mwenye TV aifungue na kupeleka rangi tatu (nyekundu, kijani na bluu) moja kwa moja kwenye chipu inayolisha bomba la picha, kupitia waya zilezile zinazoleta maandishi ya menyu ya TV yenyewe.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa hoja, njia ya menyu naikubali kwa TV za hezi 50, ambako fundi makini humaliza kazi kwa rizista na kapasita chache. Kwa hezi 100 umeruka jambo kubwa. TV ya kawaida ya PAL huchora mistari 15,625 kwa sekunde, nayo ya hezi 100 huchora 31,250, na saketi ya kuendesha mistari imejengwa kwa kasi hiyo moja. Waya za menyu huingia baada ya uchakataji, kwa hiyo ishara ya Super Nintendo ikifika hapo inakuwa na nusu ya kasi inayotakiwa, na anayelazimisha saketi ishuke hadi kasi hiyo anaweza kuunguza transista ya mlalo, ile inayoendesha mistari. Itabidi ununue kifaa cha kurudufu mistari, yaani kinachotoa kila mstari mara mbili, nacho ni uchakataji uleule uliohamishiwa nje.

Mtoa hoja: Si uleule, ndugu yangu. Kirudufu hicho huhifadhi mstari mmoja mmoja, si picha nzima, hivyo ucheleweshaji wake haufiki hata milisekunde moja.

Mchangiaji wa pili: Mnabishana kana kwamba kila msomaji ni fundi. Bomba hupewa takriban volti 25,000 na linaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, tena baadhi ya chasisi (saketi kuu za TV) hazijatengwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo kuunganisha mashine ya gemu humo bila transfoma ya kutenga ni kuhatarisha maisha. Kwa asiye fundi, TV ya zamani ya hezi 50 yenye SCART, soketi ya nyuma ya kuingizia picha na sauti, inatosha.

Mchangiaji wa kwanza: Hoja ya mstari mmoja naikubali. Lakini kirudufu hicho hutoa picha 50 au 60 kwa sekunde, ilhali saketi ya wima ya TV hizi, inayotandaza picha toka juu hadi chini, imezoea 100. Aliyewahi kuijaribu aeleze kama picha ilijaa kioo bila kubadilisha kapasita.