Watoto wa Kusini tunawanyima riwaya za majini na safari za hatari, halafu tunalalamika hawapendi kusoma

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Binti yangu yuko darasa la sita hapa Mtwara mjini. Wiki iliyopita alinyang'anywa kitabu shuleni. Hakunyang'anywa simu wala picha chafu, ni kitabu cha hadithi, tena cha Kiswahili, kuhusu watoto wawili wanaoingia pangoni na kukutana na joka linalosema. Aliambiwa hayo ni mambo ya kichawi na asome vitu vya maana. Nilipokwenda kuuliza, nikajibiwa kwa sauti ya upole kabisa: "Mzazi, hivi vitu vinamharibu mtoto."

Vinamharibu nini? Huyu ni mtoto ambaye kitabu cha kiada hunilazimu nimkalie kichwani ndipo akifungue. Hicho cha joka alikisoma mwenyewe, hata umeme ulipokatika akaendelea kwa tochi ya simu yangu. Alikuwa ananijia jikoni kuniuliza maana ya "ngome", "mateka", "kuapiza". Nani kati yetu amewahi kuona mtoto akikimbilia jikoni kuuliza msamiati wa kitabu cha mazoezi ya mtihani?

Shuleni ni sehemu moja tu ya tatizo. Zungukeni maduka ya vitabu ya mjini hapa, kisha mwende Masasi, mwende Lindi. Mtakuta madaftari, kauntabuku, rimu za karatasi, vitabu vya kiada, mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Ukiulizia riwaya ya vijana, muuzaji anakwambia, "Dada, hizo huku hazitoki." Zitatokaje na hajawahi kuziweka? Mwenye ndugu Dar anaagiza, kitabu kinapakiwa kwenye basi, na nauli ya kifurushi inakaribia bei ya kitabu chenyewe. Na baba zetu nao nisiwaache. Hela ya korosho ikiingia, sabufa inanunuliwa, bati linanunuliwa, pikipiki inanunuliwa. Mtoto akiomba elfu kumi ya kitabu cha hadithi, ghafla maisha yamekuwa magumu.

Sasa niwageukie waandishi na wachapishaji, maana hapa ndipo hasira yangu inapochemka zaidi. Hivyo vichache vinavyotufikia nimevisoma, kwa sababu siwezi kumpa mtoto kitu ambacho sijakionja. Vingi vinamdharau msomaji. Shujaa ana miaka kumi na miwili, anafuatilia majambazi kurasa thelathini nzima, halafu kwenye hatari yenyewe anatokea mjomba askari anamaliza kazi. Kwa nini? Hadithi ni ya nani, ya mtoto au ya mjomba? Kingine kinaanza vizuri mno, mti unafunguka, kuna ngazi inashuka chini ya ardhi, moyo unadunda, kisha ukurasa wa mwisho: kumbe alikuwa anaota. Hiyo "kumbe ilikuwa ndoto" ipigwe marufuku. Ni kumlaghai mtoto. Alikuamini, akakufuata hadi chini ya ardhi, wewe unamwambia hakukuwa na lolote.

Halafu yule jini au zimwi mwenyewe hana nguvu. Anatishwa na wimbo, anakimbia, basi. Bibi zetu wa Newala na Tandahimba hawakusimulia hivyo. Ukisikia "Paukwa!" na kujibu "Pakawa!" ulijua usiku huo kuna mtu atamezwa, na akitoka tumboni atatoka kwa akili yake mwenyewe, si kwa huruma ya mtu mzima. Tulikuwa tunaogopa kwenda chooni peke yetu, na kesho yake tunaomba tena. Mtoto anataka hatari ya kweli. Anataka uchawi wenye masharti, kwamba ukiutumia unapoteza kitu, na kisipotimizwa kiapo kuna malipo. Ukiweka uchawi unaoweza kila kitu bila gharama, umeua hadithi, kwa sababu hakuna tena cha kuhofia.

Na jamani, yale maswali mwishoni. "Umejifunza nini katika hadithi hii?" "Taja tabia tatu mbaya za mhusika." Mtoto amemaliza kitabu, bado yuko baharini na mabaharia, nyie mnamtolea karatasi ya mtihani. Yaondoeni.

Najua kuna watakaokuja na hoja ya dini, na hii naijibu kwa heshima kwa kuwa mimi mwenyewe wanangu wanakwenda madrasa. Mtoto wa madrasa amefundishwa habari za Nabii Suleiman, majini waliomtumikia na sisimizi aliyewaonya wenzake. Sisemi hayo ni ya kubuni, Mungu aniepushe. Nasema mtoto huyo huyo anajua majini wametajwa wapi kwa ukweli na wapi mtu ametunga ili kufurahisha. Anapambanua vizuri kuliko tunavyomdhania. Shaaban Robert mwaka 1952 alitoa Adili na Nduguze, humo ndugu wawili wamegeuzwa manyani na wanachapwa kila usiku, kuna majini na safari za ajabu. Wazee wetu walikisoma shuleni. Walitoka wachawi? Walitoka wakijua Kiswahili kitamu kuliko hiki tunachozungumza leo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, imejaa malighafi ya riwaya za namna hiyo na hakuna anayeiokota.

Chukueni Tendaguru, huko bara ya Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aliona mifupa mikubwa imechomoza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likachimba. Waliochimba ni watu wetu, mamia kwa mamia, na mifupa ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Leo dinosaria mmoja aliyetoka pale amesimamishwa Berlin, urefu wa kwenda juu unapita mita 13. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria jina la kumuenzi. Mwaka 2019 mwingine akapewa jina linalotokana na Wamwera! Kuna mtoto wa Kimwera kule Ruangwa na Nachingwea ambaye hajawahi kuambiwa kwamba kuna mnyama wa miaka milioni 150 iliyopita aliyebeba jina la kabila lake. Ingekuwa nchi nyingine, hapo pangetoka riwaya tano: mtoto wa mpagazi anayebeba mfupa ambao usiku unapumua, kijana anayeuficha mmoja usipande meli. Sisi tumeacha iwe aya moja katika kitabu cha historia, na mtoto anaikariri bila kuiona.

Au Kilwa. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema Ali bin al-Hassan alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Hebu mpe mwandishi mwenye damu picha hiyo, doti kwa doti zinatandazwa ufukweni maji yakikupwa! Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yao. Baadaye ikajulikana baadhi yake, tano, ni sarafu za shaba za Kilwa. Zilifikaje huko, ng'ambo ya bahari yote hiyo? Haijathibitika mpaka leo. Hilo pengo ndilo hasa mahali pa mtunzi kuingia na nahodha wake, na mtoto aliyejificha chini ya shehena, na dhoruba. Badala yake wanangu wanapewa hadithi ya sungura na fisi kwa mara ya mia.

Kuna mapiko ya Wamakonde, vile vinyago vya kuvaliwa ngomani, na mashetani wanaochongwa kwenye mpingo. Kuna Kinjikitile, ambaye masimulizi yanasema alivutwa na nyoka ndani ya maji akazama, na alipotoka nguo zake zilikuwa kavu, kabla ya moto wa Majimaji kuwaka 1905. Kuna uwanda wa juu wa Rondo wenye komba wadogo ambao mtoto wa mjini hajui hata kwamba wapo. Nisimalize ukurasa.

Atatokea mtu hapa chini aseme, "Kama unaona ni rahisi andika wewe." Mimi ni fundi cherehani. Anayelalamika ugali umeungua si lazima awe mpishi. Waandishi tunao, na wapo wenye vipaji vikubwa. Tangu ianze tuzo ya taifa ya uandishi bunifu yenye jina la Mwalimu Nyerere tumeona riwaya nzito za watu wazima, na watoto wadogo nao wamekumbukwa. Ni jambo jema na nalipongeza. Ila huyu wa miaka 11 hadi 15 ameachwa katikati. Picha za sungura ameshazikua, riwaya za ndoa na siasa hazimhusu bado. Umri huu ndio mtoto anaamua kama kusoma ni adhabu au ni starehe, na sisi tunamjibu kwa mitihani iliyopita.

Kwa hiyo naomba mambo ya kufanyika, si pole. Walimu mlioko humu, mkimkuta mtoto na kitabu cha majini, kisomeni kwanza kabla ya kukitia kabatini. Wenye maduka ya vitabu Dar, wekeni hapa majina ya mlivyonavyo, bei, na kama mnatuma Mtwara na Lindi kwa basi. Tukijikusanya wazazi kumi tukaagiza kwa pamoja nauli itapungua, na mimi niko tayari kupokea mzigo stendi na kuugawa. Na aliyesoma riwaya nzuri ya Kiswahili ya vijana ataje jina lake na mahali alipoipata. Masharti yangu ni mawili: mtoto mwenyewe ndiye atoke kwenye hatari kwa akili yake, na isije ikawa alikuwa anaota.