Mjadala: Jirani akishusha bei, nawe ushushe?

Mleta mada, Ngamiani: Wakuu, nina duka la rejareja, mwenzangu yuko ng'ambo ya barabara. Sukari tukiiuza bei moja, kila mmoja anatoa kilo 40 kwa siku kwa faida ya 300, yaani 12,000. Nikishusha mia peke yangu navuta kilo 70, faida 14,000, yeye anabaki na kilo 10 na 3,000 yake. Akinifuata, tunarudi kwenye kilo 40, ila sasa kila mtu 8,000. Tumechoshana bure.

Wanahisabati walishalichambua hili tangu 1950, kwa mfano wa watuhumiwa wawili wanaohojiwa vyumba tofauti: kila mmoja anamtaja mwenzake apunguziwe kifungo, mwisho wanafungwa wote muda mrefu kuliko kama wangenyamaza. Ni mfano wa nadharia ya michezo, yaani hesabu za watu ambao faida ya mmoja hutegemea atakachofanya mwenzake. Baadaye Robert Axelrod wa Marekani akashindanisha programu za kompyuta, zikicheza mchezo huo raundi 200. Iliyoshinda, ya Anatol Rapoport, ilikuwa fupi kuliko zote: anza kwa wema, kisha mrudishie mwenzio alichokufanyia raundi iliyopita. Jino kwa jino. Nasema asiyejua hili anaendesha duka kwa hasira. Mnasemaje?

Muuza chapati, Mikanjuni: Kaka, hesabu zako tamu, ila umejuaje faida ya mwenzio? Huenda kapata mzigo wa bei nafuu, wewe unadhani anakuchokoza. Halafu sisi wateja hatuhami kwa mia. Mimi nanunua kwa anayenikopesha. Daftari lake lina jina langu tangu Ramadhani. Nikivuka barabara na kikapu ataniona. Hilo kwenye hesabu yako liko wapi?

Mleta mada: Dada, hapo umenikamata. Lakini hata daftari ni mchezo uleule: anakukopesha kwa kuwa kesho utapita tena mlangoni pake. Si Tanga hii tunasema "waja leo waondoka leo"? Basi mtazame muuza machungwa wa dirishani mwa basi. Mazuri juu, chini Mungu anajua. Jioni abiria yuko Dar, atamdai nani? Muuzaji huyohuyo akimpimia jirani yake anachagua moja moja.

Wakili wa kijiweni, Chumbageni: Mnapongezana mno. Huo "wema" wenu wauzaji wawili, mteja anauita njama. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupatana bei. Axelrod alihesabu pointi za wachezaji. Mwenye kikapu hakuwemo mchezoni. Mimi naomba mgombane tu, tena mwezi mzima, tunywe chai yenye sukari.

Mleta mada: Sijakaa naye kupatana, mkuu. Natazama kibao chake tu.

Muuza chapati: Kutazamana nako ni kuongea, kaka. Bei zenu zimefanana tangu Idi.

Wakili wa kijiweni: Kwa kutazamana tu sina kesi. Ila dada kasema kweli.

Mleta mada: Haya, zimeacha kufanana. Leo saa mbili kafuta kibao, kaandika pungufu ya mia. Rapoport angenipa chaki saa hiyohiyo. Lakini neno la dada limenikaa: huenda kweli ni mzigo wa bei nafuu. Nimemtuma kijana akaombe chenji ya elfu kumi, na akiwa pale ahesabu magunia ya nyuma ya kaunta. Hajarudi bado.