Noye's Fludde ya Britten: vikombe, buruji na ule mwiba wa tenzi ya kwanza

SautiYaTatu:
Habari zenu walimu. Kuna mpango wa kuimba kanisani Noye's Fludde, opera fupi ya mtunzi Mwingereza Benjamin Britten kuhusu Nuhu na gharika. Watoto wa kuimba wapo wa kutosha, piano ipo, ogani ipo, na wapiga rekoda ni wengi. Vayolini ni chache na wapigaji wake bado wanajifunza. Buruji hakuna, kengele za mkono hakuna. Naomba msaada kwenye haya:

Vikombe vya kutundika vinatengenezwaje vikatoa sauti inayoeleweka? Buruji na kengele vibadilishwe na nini? Mbona kwenye tenzi ya kwanza besi inagongana na sauti za waimbaji, ni kosa la uchapaji? Na je, inaruhusiwa kuimba kwa Kiswahili?

FundiMwiko:
Nijibu la vikombe, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Maelezo ya Britten mwenyewe yako mbele ya nakala kuu: vikombe vya ukubwa na unene tofauti, vipangwe vifanye kitu kama ngazi ya sauti, vitundikwe kwa kamba kwenye mikono yake kutoka kwenye fremu ya mbao, vipigwe kwa mwiko na mtu mmoja au wawili. Wazo alilipata kwa Imogen Holst, msaidizi wake, binti wa mtunzi Gustav Holst. Kazi ya vikombe ni matone ya kwanza ya mvua, kabla dhoruba haijachacha, na tena matone ya mwisho inapotulia.

Nunua vikombe vya kauri, vya bati viache. Kagua kila kimoja kabla ya kulipa: kitundike kwenye kidole kwa mkono wake, kigonge mdomoni kwa ukucha. Kikiitika kwa mlio mkavu unaokatika hapo hapo, kina ufa hata kama huuoni. Beba zaidi ya unavyohitaji, kwa sababu vikombe ishirini vya kiwanda kimoja hutoa karibu sauti ile ile. Tofauti utaipata ukichanganya: kizito cha chai, chembamba cha kahawa, kile kipana cha supu.

Usitie maji. Ni kweli maji hushusha sauti ya kikombe, lakini kikombe kinachoning'inia hupinda na kumwaga, na mlio unakufa haraka.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye maelezo. Kikombe kimoja kina sauti mbili. Ukikigonga mdomoni upande unaotazamana na mkono wake, au robo ya duara kutoka mkononi, unapata sauti ya chini. Ukigonga katikati ya sehemu hizo mbili, sauti inapanda. Uzito wa mkono ndio unaosababisha: pigo la kwanza linautikisa mkono pamoja na kikombe, pigo la pili linauacha umetulia. Watoto wasipojua hili watagonga popote, na ngazi mliyoipanga itabadilika kila siku. Chagua sehemu moja kwa kila kikombe, weka alama ya rangi, wapige hapo tu.

Kamba ipite mara mbili kwenye mkono wa kikombe ili kisizunguke na kuificha alama. Acha nafasi ya kiganja kati ya kimoja na kingine, la sivyo vitagongana vyenyewe. Na mwiko uguse na kuondoka. Ukiubana unaua mlio.

MamaOgani:
Mwalimu SautiYaTatu, besi hiyo haina kosa, msiirekebishe hata kidogo. Tenzi ya kwanza ni "Lord Jesus, think on me". Waumini wanaimba wimbo wao wa kawaida katika E ndogo, na chini yao besi na timpani (ngoma kubwa za okestra) zinarudia E, B, F. Kwa solfa ni la, mi, ta. Hiyo "ta" ndiyo mwiba. Masikio yanasubiri "ti" (F kali), yanapewa F ya kawaida. Britten anawaonyesha watu wanaoomba juu ya ardhi isiyo imara, na gharika bado haijatajwa.

Kinachoharibika hapa ni waumini. Wakiisikia F wanadhani wamekosea wao, wanapunguza sauti, au wanashuka wakiifuata besi. Dawa yake ni kuwafundisha kabla ya onyesho kuanza, dakika tano tu: waimbe ubeti mmoja bila ala, kisha na besi peke yake, kisha ala zote. Tenzi zote tatu ni sehemu yao katika kazi, na asiyefanya mazoezi na waumini ameacha waigizaji wake wakubwa kuliko wote nje ya mlango.

Tenzi ya pili, "Eternal Father, strong to save", inaingia kwenye kilele cha dhoruba. Walio safinani wanaanza, waumini wanadakia baadaye. Mwongozaji lazima ageuke awape ishara kwa mwili mzima, maana kelele za ala ni kubwa na hakuna atakayesikia utangulizi. Dhoruba yote imejengwa juu ya besi moja inayojirudia, na kila mzunguko unaongeza kitu: matone, upepo, mawimbi, ngurumo, hofu ya wanyama, safina kuyumba. Baada ya tenzi vitu hivyo vinaondoka kwa mpangilio wa kinyume. Basi anzeni mazoezi na besi peke yake, timpani na piano, mpaka kila mtoto aweze kuihesabu. Ndipo muongeze tabaka moja moja. Wakijaribu vyote kwa pamoja siku ya kwanza, kila mtu atapiga kwa nguvu kuanzia tone la kwanza, na hakutabaki pa kupanda.

Kamusi_ya_Noti:
Buruji: tumieni tarumbeta za B bapa, lakini wapigaji wasibonyeze vali (vitufe vyake) hata moja. Noti zote za buruji hupatikana hivyo, kwa sababu buruji ni bomba la urefu mmoja lenye noti zake za asili tu: do, so, do, mi, so. Britten aliziandikia sehemu nne ndani ya noti hizo. Mtu akianza "kusaidia" kwa vali, makundi ya tarumbeta yanachafuka na ule mwito wa kijeshi unapotea. Buruji ndizo zinazotangaza wanyama wanapoingia, makundi 7, wakipita katikati ya waumini wakiimba Kyrie eleison (Bwana utuhurumie).

Angalieni mahali pa kuwasimamisha. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mpigaji aliye mita 34 nyuma ya kanisa anasikika mbele akiwa amechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Akipiga kwa kusikiliza piano, anachelewa mara mbili. Afuate mkono wa mwongozaji kwa macho, asifuate masikio.

Kengele za mkono: vibao vya chuma vya shule vinafaa, kila mtoto na kibao chake. Sharti ni moja, visisikike kabla ya upinde wa mvua. Britten amezificha kengele muda wote ili zitokee hapo kama sauti mpya kabisa. Kwenye tenzi ya mwisho, "The spacious firmament on high" kwa wimbo wa Tallis, utasikia kwaya katika G na miito ya B bapa juu yake. Nayo pia ni makusudi.

Vayolini zisikutishe. Kundi la kwanza halivuki pozisheni ya tatu (pozisheni ni mahali mkono unaposhika kwenye shingo ya vayolini), la pili halitoki pozisheni ya kwanza, na la tatu lina sehemu ndefu za nyuzi tupu. Wanaoanza waweke kundi la tatu bila aibu, ndiyo maana limeandikwa. Wenye ujuzi mnaowahitaji kweli ni wale watano wa nyuzi wanaopiga peke yao, piano ya watu wawili, ogani, rekoda ya alto na timpani. Selo ndiyo kunguru, rekoda ndiyo njiwa. Mpigaji wa rekoda lazima ajue kutetemesha ulimi.

SautiYaTatu:
Asanteni sana. Na Sauti ya Mungu? Mchungaji anafaa? Na la Kiswahili bado.

MamaOgani:
Anafaa, mradi asihubiri. Sehemu hiyo husemwa tu, haiimbwi, na Britten aliomba mtu mwenye sauti nzito anayesema kwa unyofu bila maigizo. Akae juu au mbali na jukwaa. Wanyama wapeni vinyago vya kuvaa kichwani, mdomo ubaki wazi. Ndivyo walivyofanya kwenye onyesho la kwanza katika kanisa la Orford, Suffolk, 18 Juni 1958. Simba na farasi wapewe wavulana waliovunja sauti, panya na ndege wapewe wadogo kabisa.

Kamusi_ya_Noti:
Kuhusu lugha: maneno yenyewe ni mchezo wa kidini wa kale wa mji wa Chester, Uingereza, hayana mwenyewe. Muziki una mwenyewe. Britten alifariki 4 Desemba 1976, na kwa sheria ya Uingereza haki zinalindwa miaka 70, yaani mpaka mwisho wa 2046. Tafsiri ya kuimbwa inahitaji ruhusa ya wachapishaji wake, Boosey & Hawkes, na sehemu za ala hukodishwa kwao. Waandikieni mapema mkiambatanisha tafsiri nzima. Kwenye tafsiri linda silabi za Bi. Nuhu anapogombana na mumewe akikataa kupanda safinani, kwa sababu pale mapigo ni mafupi na Kiswahili kina silabi nyingi. Kyrie eleison iacheni kama ilivyo.

Mkikosa ruhusa, imbeni kwa Kiingereza chake cha zamani na tenzi tatu zichapwe kwenye karatasi ya waumini. Kazi ina dakika kama 50, watu watafuata hadithi bila shida.